Ugomvi wa Samaki Ndani ya Tangi la Maji ya Chumvi: Maelezo kwa Wanunuzi



Jirani zetu wa Tanzania humwita mnunuzi wa bidhaa "mlaji", na jina hilo likiletwa katika shughuli ya leo linachekesha kidogo, kwa maana nazungumza na walaji wa samaki ambao hawakusudii kumla hata mmoja. Mmewanunua ili muwatazame. Mmenunua pamoja nao tangi la kioo, pampu, kichujio, taa, chumvi na mawe, na gharama ya vitu hivyo huzidi bei ya samaki mara nyingi. Kisha asubuhi moja mnakuta samaki mmoja amejibana pembeni karibu na uso wa maji, mapezi yamechanika kama nguo iliyopita kwenye miiba, na mwenziwe anazunguka katikati ya tangi kama mwenye nyumba siku ya kukusanya kodi.

Aliyefikwa na jambo hilo aghalabu husema ameuziwa samaki mkorofi. Lalamiko hilo nusu yake ni kweli na nusu si kweli. Samaki hana kasoro. Anafanya yale ambayo wa aina yake huyafanya mwambani kila siku. Kasoro, pale inapokuwapo, huwa katika mauzo: mtu ameuziwa kiumbe bila kuambiwa kitakua kiasi gani, kinahitaji nafasi gani, wala hakiwezi kukaa na nani. Samaki huuzwa mmoja mmoja, kila mmoja na bei yake, ilhali nyumbani ataishi na wenziwe ndani ya chumba kimoja kisicho na mlango. Ndiyo maana nasema ugomvi mwingi wa tangini huamuliwa dukani, kabla pesa hazijatoka mfukoni. Na ule unaozuka baadaye una tiba ambazo kwa sehemu kubwa hazinunuliwi.

Tuanze na mwamba wenyewe. Anayezamia na miwani katika pwani yetu, maji yakiwa yamejaa, hachelewi kumwona kangaja akimfukuza mwenziwe kwa kasi, kisha akirejea kulisha kana kwamba hapakuwa na neno. Ni nadra kufukuzana huko kuishie katika kifo, kwa sababu anayefukuzwa ana pa kwenda. Akishavuka mpaka ambao macho yetu hayauoni, mwenye eneo humwacha. Ndani ya tangi hali ni nyingine. Tangi la lita 200, ambalo ni la kawaida kwa anayeanza, lina urefu wa kama mita moja. Aliyeshindwa huogelea hadi kwenye kioo, hugeuka, naye bado yumo ndani ya eneo la mshindi. Machoni pa mshindi, mgeni huyo amekataa kuondoka; basi humpiga tena, na tena, mpaka mmoja wao akome kula.

Konrad Lorenz, mtaalamu wa tabia za wanyama kutoka Austria, alikianza kitabu chake juu ya ugomvi wa viumbe, kilichotoka kwa Kijerumani mwaka 1963, kwa kueleza samaki wa matumbawe, wakiwamo wale aliowatazama ndani ya vioo. Aliona kuwa wengi wao huwashambulia zaidi wa aina yao wenyewe, huku wakiwaacha wageni wa aina nyingine wapite. Wataalamu waliomfuata hawakukubaliana naye katika mengi, lakini kwa mfugaji wa nyumbani jambo hilo lina manufaa hadi leo. Anayefanana nami ndiye anayekula ninachokula, analala katika pango ninalolala, na kumtaka mke ninayemtaka. Kwa hiyo mnunuzi anayesema, "Nipe wawili wanaofanana, wapendeze," mara nyingi amenunua vita bila kujua. Baada ya wa aina moja hufuata wanaokaribiana kwa umbo au kwa rangi, na mwisho wale wanaogombea pango lilelile.

Mfano ulio bora ni yule samaki mdogo wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe, ambaye watoto wetu wote humwita Nemo tangu ile filamu ya mwaka 2003. Ndugu zake wapo katika maji yetu. Amphiprion akallopisos, mwenye mstari mweupe mgongoni, na Amphiprion allardi, mwenye mistari miwili mipana, ni wenyeji wa pwani ya Afrika Mashariki. Samaki hawa huishi kati ya mikono ya anemoni wa baharini inayochoma, na ukoo wao una nidhamu ambayo mnunuzi hana budi kuijua. Wote huanza maisha wakiwa hawajawa majike. Katika kila anemoni mkubwa kuliko wote ndiye jike, wa pili kwa ukubwa ndiye mumewe, na waliobaki, kama wapo, ni wadogo wasiozaa, kila mmoja amepangwa chini ya mwenzake. Jike akifa, mume hugeuka kuwa jike, na mkubwa wa wale wadogo hupanda kuwa mume. Mwaka 1977 Hans na Simone Fricke walieleza mambo haya katika jarida la Nature, wakaonyesha kuwa mkubwa ndiye anayemzuia mdogo kugeuka, kwa kumtawala kwa ukali.

Sasa tuyapeleke hayo dukani. Anayenunua Nemo watatu kwa sababu watatu wanapendeza, katika tangi dogo, baada ya miezi michache atakuwa na mume na mke wanaomfukuza wa tatu usiku na mchana. Mwambani huyo wa tatu angevumiliwa kwa kuwa amebaki mdogo, au angeondoka akatafute nafasi kwingine. Anayenunua wawili wakubwa, kila mmoja kutoka tangi lake, huenda amenunua majike wawili. Na aliyekwisha kuwa jike harudi kuwa dume. Hao hawapatanishwi, hata ukiwavumilia mwaka mzima. Njia iliyo salama ni kununua wawili ambao bado ni wachanga, mmoja awe mkubwa kuliko mwenziwe kwa kiasi kinachoonekana, na kuwatia tangini siku moja. Au kununua jozi iliyokwisha kuzoeana, na kuthibitisha kwa macho yako kuwa dukani wanalala pamoja.

Wanunuzi wengi hushtuka wanapoona mdogo akitetemeka mwili mzima mbele ya mkubwa, pengine akijilaza ubavu. Hukimbilia kununua dawa. Kutetemeka huko si ugonjwa. Ndiyo heshima yao. Mdogo anasema amekubali, na mkubwa akishaona hivyo humwacha. Ukiona kutetemeka pamoja na mapezi mazima na hamu ya kula, jozi yako imeanza vizuri. Cha kuogopa ni mdogo asiyetetemeka bali anajificha.

Niongeze jambo moja juu ya anemoni. Wauzaji hupenda kumuuza pamoja na samaki hao, kana kwamba hawawezi kuishi bila yeye. Ndani ya tangi wanaweza, na wengi huishi miaka mingi bila anemoni yeyote. Anemoni anataka taa kali na tangi lililokomaa. Akifa huchafua maji yote. Zaidi ya hayo, Nemo mwenye anemoni ana nyumba ya kulinda, na ukali wake huongezeka, hata mkono wa mwenye tangi unaosafisha kioo huumwa.

Kutoka hapo nageukia ushauri wa dukani ambao naona umeleta hasara kubwa kuliko wote. Tangi jipya la maji ya chumvi halifai kwa samaki mpaka bakteria wanaovunja amonia wawe wamestawi katika mawe na kichujio, kazi inayochukua kama wiki 4 hadi 6. Baadhi ya wauzaji humshauri mnunuzi aharakishe kazi hiyo kwa kutia damseli watatu au wanne, kwa sababu ni rahisi na hawafi hovyo. Damseli ni samaki wadogo, hodari, wa bei nafuu, na ndugu wa karibu wa Nemo. Mmoja wao, mweusi mwenye madoa matatu meupe, Dascyllus trimaculatus, hupatikana tele katika bahari yetu, na akiwa mchanga ni mzuri kama kifungo cha koti. Mnunuzi hukubali. Wiki 6 baadaye maji yako tayari, lakini tangi lina mwenyewe. Yule mchanga amelizoea kila pango. Madoa yake yanafifia, mwili wake unaelekea kupita sentimita 10, na kila samaki wa thamani utakayemtia baada yake anaingia kama mpangaji aliyefika amechelewa. Kumtoa si kazi ndogo, kwa kuwa kati ya mawe hashikiki na wavu. Mwishowe watu hutoa mawe yote.

Mtu akikushauri hivyo, kataa kwa adabu. Bakteria hawahitaji samaki. Wanahitaji amonia, na amonia yaweza kutiwa kwa vipimo, au hata kupatikana kwa kipande kidogo cha kamba mbichi kilichoachwa kioze ndani ya maji. Utahitaji kipimo cha amonia na cha nitraiti, na subira. Naye aliyekwisha mtia damseli, kabla ya kuvunja mawe, ajaribu mtego. Kata sehemu ya juu ya chupa safi ya plastiki, igeuze shingo yake iingie ndani, tia chakula kidogo na kijiwe cha kuizamisha. Ni lile lile lema la wavuvi wetu, limefanywa dogo. Mwekee asubuhi kabla hajalishwa.

Wa tatu katika orodha yangu ni kangaja, hasa yule wa samawati mwenye uso mweusi na pezi la manjano mgongoni, Acanthurus leucosternon. Ni fahari ya Bahari ya Hindi, na hakuna anayemwona dukani asimtamani. Kando ya shina la mkia wake, kila upande, ana mfupa mkali kama wembe, ambao humchana nao mwenzake kwa pigo moja la mkia. Mchana kutwa hutembea akila mwani mfupi juu ya mawe, na shamba hilo hulilinda. Katika tangi la mita moja samaki huyu hana maisha. Wafugaji wenye uzoefu humwekea tangi la urefu wa kama mita 1.8, naye huwa mmoja peke yake wa jinsi yake, na huingizwa mwisho. Anayetaka kangaja zaidi ya mmoja katika tangi kubwa achague wasiofanana umbo wala rangi, na awaingize wote siku moja, ili pasiwe na mwenyeji. Shibe husaidia sana hapa: majani ya mwani mkavu usiotiwa viungo, yakibanwa sehemu mbili zilizo mbali, humpa aliyeonewa nafasi ya kula wakati mkali anakula kwingine.

Wapo pia wale ambao hawagombani bali wanakula tu. Chewa mchanga, na yule mwenye mapezi marefu yenye miiba ya sumu aitwaye samaki simba, hawana chuki na jirani zao. Jirani akienea kinywani ni chakula. Hakuna mbinu ya kuwapatanisha, na sitapoteza muda wenu hapo.

Twendeni sasa dukani pamoja. Mara nyingi mazungumzo huwa hivi. Mnunuzi huuliza, "Bwana, huyu anaweza kukaa na Nemo wangu wawili?" Naye muuzaji hujibu, "Anaweza, mama, hana neno." Jibu hilo halina thamani, si kwa kuwa muuzaji ni mwongo, bali kwa kuwa hakuulizwa jambo linalopimika. Muulize jina la kitaalamu la samaki, uliandike. Muulize akikomaa atafika sentimita ngapi, kwa kuwa anayeuzwa karibu kila mara ni mtoto. Muulize amekaa dukani siku ngapi, na katika tangi la dukani amekaa na nani. Mwombe amlishe mbele yako. Asiyekula dukani hatakuwa na nguvu ya kustahimili wenyeji wa tangi lako. Mtazame mapezi. Kisha, ukiwa na jina, rudi nyumbani ukasome, ununue kesho. Naujua ugumu wa shauri hili, hasa kwa aliyekuja na watoto.

Jihadhari na maandishi yaliyobandikwa kwenye kioo cha duka. "Salama kwa matumbawe" maana yake ni kwamba samaki huyo hali matumbawe, basi. Haisemi lolote juu ya samaki wenziwe. Yule kangaja wa samawati niliyemtaja ni salama kwa matumbawe. "Mpole" nalo ni neno la kupimwa: samaki mpole peke yake dukani si ushahidi wa upole wake akishapata pango. Dhamana ya kwamba samaki atafika nyumbani akiwa hai nayo, pale inapotolewa, hulenga siku za mwanzo na afya ya safari. Isome kama inafika kwenye majeraha ya ugomvi kabla hujaitegemea.

Hapa sheria ina neno. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa, na pia haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike nazo kikamilifu. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, nayo inaangalia jambo lililo karibu sana na mada yetu. Mnunuzi anapomjulisha mfanyabiashara kusudi la kununua, kwa namna inayoonyesha kuwa anautegemea ujuzi wake, bidhaa inapaswa kulifaa kusudi hilo. Kwa hiyo litamke kusudi lako, na uombe liandikwe kwenye risiti kwa maneno machache: "kwa tangi la lita 200 lenye Nemo wawili". Muuzaji anayejua kazi yake ataandika bila taabu. Anayesita amekwisha kukujibu. Lakini aliyenyamaza dukani, akanunua kwa kupendezwa na rangi, ana hoja dhaifu anaporudi kulalamika, na ni haki kumwambia hivyo mapema.

Samaki amefika nyumbani. Ukiwa na nafasi, mweke kwanza katika tangi dogo la karantini, la lita 40 hivi, lenye kichujio chake na bomba la plastiki la kujifichia, kwa muda wa wiki 4 au zaidi. Watu hulinunua tangi hilo kwa ajili ya magonjwa. Faida yake ya pili ni kwamba siku ugomvi utakapozuka utakuwa na mahali pa kumpeleka mmoja wao. Kati ya vyote unavyoweza kuongeza baada ya tangi kubwa, naliona hili kuwa lenye thamani kuliko taa yoyote ya kisasa.

Siku ya kumhamisha, wapole huingia kwanza na wakali mwisho, na mpango huo huandikwa kabla ya kununua samaki wa kwanza. Kabla hajaingia, yahamishe mawe. Hii ndiyo tiba ya bure niliyoitaja. Mwenyeji anayejua kila pango anajiamini. Ukibadili mpangilio, mwenyeji na mgeni wote wanatafuta pa kulala, na hasira yake hugawanyika. Fanya kazi hiyo kwa uangalifu, mawe yakae imara, na uifanye kabla ya mgeni kuingia, si baada ya vita kuanza. Kisha mtie mgeni ndani ya sanduku la plastiki angavu lenye matundu, lililoning'inizwa ndani ya tangi, akae humo siku 3 hadi 7 akila humo humo. Mwenyeji atakuja, ataligonga sanduku kwa pua, atatanua mapezi. Siku za mwanzo anaweza kuwa kama aliyepagawa. Akichoka na kurudi kwenye shughuli zake, mfungue mgeni jioni, taa zikiwa zimezimwa na wenyeji wamekwisha kushiba. Ikiwa wiki nzima imepita na mwenyeji bado analigonga sanduku, usimfungue. Sanduku limekuonyesha kwa gharama ndogo jambo ambalo ungeligundua kwa kifo.

Tuseme tahadhari hizo hazikuchukuliwa, au zilichukuliwa na bado kuna vita. Jambo la kwanza ni kuketi mbele ya kioo nusu saa, bila kufanya lolote. Samaki wengi hufukuzana siku mbili tatu za mwanzo, na hiyo ni kupangana. Tazama chakula kinapoingia. Ikiwa anayefukuzwa anajitokeza, anakula, na mapezi yake ni mazima, waache. Ikiwa hajitokezi kula, rangi yake imepauka, anahema kwa kasi karibu na uso wa maji, ana mkwaruzo ubavuni au jicho limeumia, usingoje kesho.

Wengi hukosea kwa kumtoa aliyeonewa peke yake. Ana jeraha, ndiyo, na kama jeraha ni baya atolewe akatibiwe. Lakini anaporudishwa anarudi akiwa mgeni tena, na mshindi amezidi kujiamini. Inafaa zaidi kumtoa mkali. Akikaa wiki moja au mbili kwenye tangi la pili, wengine hugawana mapango. Akirejea kwa njia ya sanduku lile lile, yeye ndiye mgeni. Kwa damseli na Nemo njia hii inaweza kufaulu. Kwa kangaja wawili wa jinsi moja katika tangi fupi sioni matumaini, na heri mmoja atafutiwe nyumba mapema.

Asiye na tangi la pili aweza kutenga tangi lake kwa ule wavu mgumu wa plastiki wenye matundu ya mraba, unaowekwa chini ya taa za dari maofisini. Hukatwa kwa mkasi wa bati, na maji hupita bila shida. Wengine huweka kioo cha kujitazamia nje ya tangi, upande mmoja, ili mkali ashughulike na sura yake mwenyewe wakati mgeni anapumua. Hufaa kwa saa chache katika siku za kwanza. Kikiachwa hapo daima, samaki hujichosha bure.

Kuna chupa zinazouzwa kwa ahadi ya kuwatuliza samaki. Dawa inayopunguza makali ya amonia au klorini ina kazi yake, na isomwe kwa kazi hiyo. Lakini sijui chupa inayoongeza urefu wa tangi au kumfanya jike wa Nemo amkubali jike mwenziwe. Hatari kubwa zaidi ni kutibu ugomvi kama ugonjwa. Samaki anayeonewa hudhoofika, na baada ya siku kadhaa vipele vyeupe vya vimelea vinaweza kumwenea mwilini. Mwenye tangi huona vipele, hununua dawa yenye shaba, huimimina katika tangi kubwa, na kwa kufanya hivyo huua matumbawe, konokono na kamba wake, ilhali yule mkali yuko salama. Dawa ya shaba hutumiwa katika tangi la karantini tu.

Mwisho wa yote, wapo samaki ambao hawatapatana. Mpigie simu mwenye duka umuulize kama atampokea, hata bila kukurudishia pesa; wengi hupokea samaki mzima. Au mtafutie mfugaji mwenye tangi refu zaidi. Mbebe kwa ndoo yenye kifuniko, katika maji ya tangi lako mwenyewe, na aliye mkali abebwe peke yake.

Usimpeleke baharini. Najua kwamba kwetu, ambako bahari iko mwisho wa barabara, jambo hilo linaonekana kama kumrudisha mtu kwao. Samaki aliyepita dukani amekaa maji mamoja na samaki wa kutoka mbali, naye aweza kubeba vimelea ambavyo mwamba wetu hauvijui. Na huenda yeye mwenyewe si wa bahari hii. Wamarekani wameuona ubaya wake kwa samaki simba, ambaye asili yake ni bahari zetu za upande huu, Hindi na Pasifiki. Alionekana mara ya kwanza pwani ya Florida mwaka 1985, na wataalamu wanahusisha kuingia kwake huko na samaki walioachiliwa kutoka matangini. Leo ameenea Karibi nzima, akila wachanga wa samaki wengine ambao hawakuwahi kujifunza kumwogopa.

Na aliyepoteza samaki katika ugomvi asiende kujaza pengo mwenyewe kwa kijavu mwambani. Hifadhi za baharini za Malindi, Watamu, Mombasa na Kisite haziruhusu kuvua kitu chochote, na nje ya hifadhi hizo kukusanya samaki wa mapambo ni kazi ya wenye leseni. Matumbawe magumu nayo yamo katika Orodha ya Pili ya mkataba wa CITES, hivyo anayeuziwa kipande kilichotoka nchi nyingine ana haki ya kuomba aonyeshwe kibali chake, na kupiga picha ya kibali hicho pamoja na risiti.